Filamu za kowboi katika Katanga: historia yake, na zile zinazostahili kutazamwa

Watu wamoja wanafikiri kwamba filamu za kowboi ni muchezo wa watoto tu: farasi wanakimbia, bastola zinalia, mutu mubaya anaanguka, na watazamaji wanarudi nyumbani kulala. Lakini kitu ambacho baba zetu walikitazama miaka na miaka katika kambi za Union Minière, na ambacho vijana wetu wa Kamatanda wanakitazama leo katika telefone, si kitu kidogo. Kiliingia katika majina ya utani, katika mavazi, hata katika namna ya kutembea njiani. Basi inafaa tukichunguze kama tunavyochunguza mambo mengine ya historia: kilitoka wapi, nani alikileta, kilifanya nini katika roho za watu, na sisi wenye kufundisha tukifanyie nini.

1. Mambo ya kweli ya Magharibi

Kowboi wa kweli alikuwa mutumishi wa kuchunga ng'ombe. Nyuma ya vita vya Wamarekani wao kwa wao (1861–1865), ng'ombe walikuwa wengi sana katika Texas, nao watu wa miji ya mashariki walitaka nyama. Vijana wakaandikwa kazi ya kusukuma makundi yale mpaka vituo vya reli vya Kansas. Ilikuwa kazi ya vumbi, ya usingizi mufupi na ya mushahara mudogo. Ilidumu karibu miaka makumi mbili. Reli zilipoenea na seng'enge zilipofunga mbuga, kazi ile ikaisha. Ni kusema: wakati wa kowboi ulikuwa mufupi kuliko wakati ambao sisi tumetumia kutazama filamu zake.

Tuongeze neno ambalo filamu za zamani zilificha. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika kowboi wane, mumoja alikuwa Mweusi. Wengi wao walikuwa wametoka katika utumwa. Tena kulikuwa na Bass Reeves, aliyezaliwa mutumwa mwaka 1838. Tangu mwaka 1875 alikuwa askari wa serkali wa kukamata wavunja-sheria katika inchi za Wahindi Wekundu, na akaifanya kazi ile zaidi ya miaka makumi tatu. Baba zetu walimutazama shujaa mweupe katika kitambaa cha sinema miaka yote ile, pasipo kuambiwa kwamba mutu wa rangi yao alikuwa amevaa nyota ile ile.

Halafu wenye inchi. Tarehe 29 Desemba 1890, pa Wounded Knee, askari wa Marekani waliua Walakota, wanaume, wanawake na watoto, hesabu yao zaidi ya 200. Mwaka mumoja haujatimia, tarehe 20 Desemba 1891, huko Bunkeya, kaskazini ya Likasi, mwami Msiri wa Bayeke akapigwa risasi na kapiteni Bodson, Mubelgiji wa musafara wa Stairs, uliotumwa kushika Katanga kwa ajili ya mufalme Léopold II. Bodson mwenyewe akauawa pale pale na watu wa Msiri. Mimi sisemi kwamba mambo haya mawili ni jambo moja. Msiri naye alikuwa mushindaji wa makabila mengine, na wazee wa Basanga hawajasahau. Lakini namna ni ile ile: reli inatafuta njia, madini yanatafuta mwenyewe mupya, na yule aliyekuwa hapo mbele anaambiwa kwamba anazuia. Reli ya Marekani iliunganisha bahari kwa bahari mwaka 1869. Reli ya kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na Bukama mwaka 1918. Mutu wa Likasi anapotazama katika filamu reli inayopita mbugani, na muji wa mbao unaoota kandokando ya mashimo ya madini, anatazama jambo linalofanana sana na kuzaliwa kwa muji wake mwenyewe.

2. Namna vita vilivyogeuka kuwa muchezo

Mutu aliyegeuza mambo hayo kuwa maonyesho ni William Cody, aitwaye Buffalo Bill. Alizaliwa mwaka 1846. Aliwinda nyati wa Amerika kwa kulisha wafanyakazi wa reli, akawa mupelelezi wa jeshi, na mwaka 1883 akaanzisha maonyesho makubwa ya farasi, bunduki na Wahindi Wekundu wa kweli. Mwaka 1887 alifika London. Mwaka 1890 alifika Roma pamoja na watu wake, nao wakamwona Papa Leo XIII katika Vatikano. Mwaka 1891 alizunguka Ulaya tena, na katika kundi lake walikuwako Walakota waliofungwa nyuma ya mambo ya Wounded Knee, na serkali ikawatoa kifungoni ili waende naye. Tufikiri vizuri: watu walioshindwa katika vita wanalipwa kuigiza vita vile vile mbele ya watazamaji wanaopiga makofi, na kila mara wanapaswa kushindwa. Mwisho wa maisha yake Cody alibatizwa katika Eklezia Katolika, siku moja mbele ya kufa kwake, tarehe 10 Januari 1917.

Sinema ilikuta mufano huo tayari. Mwaka 1903 Edwin Porter alitengeneza filamu ya dakika karibu 12 juu ya wanyang'anyi wa gari la moshi, The Great Train Robbery. Si Magharibi ilikotengenezwa, ni upande wa New Jersey, karibu na New York. Hivi tangu mwanzo filamu za Magharibi zilikuwa masimulizi juu ya Magharibi, si Magharibi yenyewe.

3. Sinema katika kambi

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Ilipoamua kuweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao katika kambi, ilitaka pia kushika saa zao za kupumzika. Wabenedikto wakapewa masomo. Mupira, muziki na sinema vikafuata. Kitambaa cheupe kilitundikwa nje, watu wakaketi chini au juu ya viti walivyojiletea, mashini ikaanza kulia, na wadudu wa usiku wakacheza katika mwangaza wake.

Serkali ya Wabelgiji iliogopa sinema. Kutoka mwaka 1945 ilikataza kuonyesha Weusi filamu zisizopita kwanza mbele ya tume ya kuchagua. Wazungu walikuwa na majumba yao, sisi tulikuwa na kitambaa chetu. Sababu waliyoitoa ni kwamba Mweusi hawezi kupambanua muchezo na kweli, kwamba picha zikienda mbio atapotea, kwamba akiona Muzungu anaiba au anapigwa atadharau Wazungu wote. Sababu mbili za kwanza zilikuwa matusi. Ya tatu ilikuwa woga, na woga ule ulikuwa na akili kuliko matusi, kwa maana watu walikuwa wakitazama na kupima kweli.

Mapadri wamoja walijaribu njia nyingine. Katika Kasai Padri Albert Van Haelst wa Scheut alitengeneza filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili, na watu walizipenda. Katika Léopoldville Padri Alexandre Van den Heuvel aliongoza kazi ya sinema ya Aksio Katolika. Walikuwa wakifuata wito wa Papa Pius XI, ambaye katika barua yake Vigilanti cura ya mwaka 1936 hakusema sinema ni mubaya. Alisema ina nguvu kubwa, na nguvu kubwa inaomba uangalizi mukubwa. Tunaweza kucheka filamu zile leo, kwa sababu zilisema na watu wazima kama na watoto. Lakini tukubali kwamba wale walijua kazi moja ambayo sisi tumeiacha: waliketi pamoja na watu na kutazama nao.

Juu ya namna watu wenyewe walivyotazama tuna ushuhuda kutoka ngambo ya mupaka. Bibi Hortense Powdermaker, mwalimu wa Marekani, alikaa Luanshya katika Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1953 na 1954, katika mashimo ya shaba kama yetu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1962. Anaeleza kwamba watu walipenda filamu za kowboi kupita zote, na kwamba kila shujaa, hata jina lake ni nani, waliitwa naye Jeke. Hawakukaa kimya: walisimama, walimuonya Jeke juu ya adui aliye nyuma ya mulango, walipiga ngumi hewani. Huo si ujinga. Ni namna ile ile ambayo watu wetu wanasikiliza mutu anayesimulia hadisi kando ya moto: musikilizaji anajibu, anasukuma, anaingia. Na kwa nini Jeke? Kwa sababu Jeke alikuwa mutu mumoja bila bwana juu yake. Mufanyakazi wa mashimo aliyeamriwa muchana kutwa na kapita alimuona usiku mutu asiyeamriwa na yeyote.

4. Mabill wa Léopoldville

Katika Léopoldville jambo lilikwenda mbali zaidi. Kutoka mwisho wa miaka ya 1940, vijana wa mitaa walianza kujiita Bill, kwa kufuata Buffalo Bill. Walivaa kofia, vitambaa shingoni na suruali za kowboi. Waligawanya mitaa kama inchi za wapiganaji. Wakajitungia luga yao, Hindubill, wakichanganya Lingala, Kifaransa na maneno mengine. Kulikuwa ndani yake uchangamfu mwingi, na kulikuwa pia uovu: mapigano, bangi, na zaidi ya yote jeuri juu ya wasichana. Tusilipambe jambo hilo. Mwanahistoria Didier Gondola, aliyeandika kitabu juu yao mwaka 2016, halifichi.

Watu wazima wengi waliwalaani tu. Padri mumoja wa Scheut, Jozef de Laet, akafanya namna nyingine: akaenda kwao, akajifunza luga yao, akawapa kazi na muchezo, hata wakamwita Père Buffalo. Hapa kuna fundisho kwa sisi. Yeye hakuwauliza kwanza, « Kwa nini munatazama filamu mubaya? » Aliuliza wanatafuta nini ndani yake. Walikuwa wakitafuta ukubwa wa mwanaume, katika inchi ambapo mutu wa miaka makumi tano aliitwa bado boyi.

5. Filamu zenye kustahili

Sasa tuchague. Si kila filamu ya kowboi ni chakula. Nyingi ni maganda: watu wanauawa kama panzi, na Muhindi Mwekundu analetwa ili aanguke kutoka farasi. Lakini ziko zenye kiini, na ninataja tano.

Ya kwanza ni Stagecoach ya John Ford (1939), ambayo Kifaransa inaitwa La Chevauchée fantastique. Watu wa namna mbalimbali wanasafiri katika gari moja la farasi. Wenye heshima wanamudharau mwanamuke aliyefukuzwa katika muji. Kumbe mwenye heshima kupita wote, mukubwa wa banki, ndiye mwizi, na mwanamuke yule ndiye anayekesha na mutoto muchanga wa mwenzake. Mutu aliyesoma Evanjili hawezi kukosa kuelewa. Kasoro yake: Waapache ndani yake hawana sura wala sauti.

Ya pili ni La Flèche brisée, yaani Broken Arrow ya Delmer Daves (1950). Mutu mweupe, Jeffords, anachoka na vita, na mbele ya kwenda kwa Cochise, mukubwa wa Waapache, anajifunza kwanza luga yao na desturi zao. Amani anayotafuta inamugarimu sana. Wote wawili walikuwa watu wa kweli, na amani ile ilifanywa mwaka 1872. Ni kweli kwamba Cochise aliigizwa na mutu mweupe. Lakini hapa, kwa mara moja, adui anafikiri na anasema.

Ya tatu ni High Noon ya Fred Zinnemann (1952), tunayoijua kwa jina Le train sifflera trois fois. Mulinzi wa muji, Will Kane, anasikia kwamba muuaji aliyemufunga zamani atafika na gari la moshi la saa sita. Anaenda mulango kwa mulango kutafuta wasaidizi. Hata katika kanisa anaingia. Waamini wanajadiliana vizuri sana, kila mutu na sababu zake, na mwisho hakuna anayetoka naye. Filamu hii ni ya dakika 85, na saa ya ukutani inaonekana mara nyingi. Ningependa kila halmashauri ya parokia iitazame mara moja kwa mwaka. Mwandishi wake, Carl Foreman, alikuwa yeye mwenyewe ameitwa mbele ya tume ya bunge la Marekani kwa mambo ya politiki, na rafiki wengi wakamukimbia, alijua anachoandika.

Ya ine ni La Prisonnière du désert, yaani The Searchers, ya Ford tena (1956). Ethan anamutafuta miaka mingi binti ya ndugu yake aliyechukuliwa na Wakomanche. Polepole tunaona kwamba hamutafuti kumuokoa. Chuki yake juu ya kabila lile ni kubwa hata anataka kumuua, kwa kuwa sasa anaishi kama wao. Mwisho wake sitausimulia. Sisi tulioona katika Katanga, mwaka 1992 na 1993, Wakasai wakifukuzwa katika Likasi na Kolwezi, na familia zikingojea gari la moshi siku na siku katika vituo, tunaijua chuki hiyo inayotaka kukata hata damu iliyochanganyika. Filamu hii iogopwe kidogo, kisha itazamwe.

Ya tano ni L'homme qui tua Liberty Valance (1962), ya Ford pia. Mutu wa sheria anapata sifa kwa tendo la mwengine, na anakuwa mukubwa katika serkali. Miaka ikipita, anasema kweli mbele ya waandishi wa gazeti, nao wanakataa kuiandika, kwa sababu watu wamezoea ile hadisi nyingine. Kwa mwanafunzi wa historia hakuna somo zuri kuliko hilo. Mutu aliyeshiba hadisi hapendi kweli, hata ukimupa bure.

6. Siku Likasi ilipogeuka kuwa Magharibi

Wandugu, somo hilo linarudi mulangoni petu. Katika Septemba 1961, wakati wa Katanga kujitenga, kundi la askari wa Irlande wa Umoja wa Mataifa, karibu 155, lilizungukwa pa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Walipigana kutoka tarehe 13 mpaka 17, wakaishiwa risasi na maji, wakashikwa mateka. Hakuna hata Muirlande mumoja aliyekufa pale. Mwaka 2016 filamu ilitengenezwa juu yao, The Siege of Jadotville. Ilipigwa katika Afrika ya Kusini. Imefuata sheria zote za kowboi: wachache mashujaa ndani, wengi bila jina nje, bunduki zikipasuka katika vumbi.

Ninawaheshimu Wairlande wale, ambao katika inchi yao walidharauliwa miaka mingi pasipo haki. Lakini ninauliza: katika filamu ile watu wa Jadotville wako wapi? Wako wapi wafanyakazi wa Shituru, mama wa Kikula waliojificha na watoto, vijana wa Katanga waliopelekwa kushambulia na wakafa? Wanaanguka mbali, kama Waapache wa Stagecoach. Baba zetu walipiga makofi Waapache wakianguka. Sasa, katika filamu juu ya muji wetu, sisi ndio Waapache. Kumbe madini yetu pia yalipita njia hiyo. Uranium ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilikwenda Marekani ikaingia katika bomu la Hiroshima la mwaka 1945. Na filamu zikaja kwetu. Katika mambo mawili hayo hakuna aliyetuuliza neno.

7. Kazi yetu

Kwanza, tusikataze bure. Kijana anayechimba shaba na kobalti pa Kamatanda anarudi jioni na uchovu. Ukimunyang'anya filamu, umemupa nini? Baraza la Vatikano, katika Inter mirifica ya mwaka 1963, linatuomba kufundisha watazamaji. Kutazama ni kazi inayofundishwa kama kusoma.

Pili, nyuma ya filamu tuulize maswali matatu tu. Nani hasemi ndani ya hadisi hii? Nani amepata faida kwa ile bunduki? Na wewe ungesimama wapi: na Kane, ao na waamini waliobaki katika viti? Mutaona kwamba vijana wanajibu vizuri kuliko wakubwa.

Tatu, na hili ndilo la haraka. Mutu aliyekuwa na miaka kumi katika Septemba 1961 amepita sasa sabini. Katika Kikula, Panda, Shituru na hapa Kamatanda wako bado wazee walioyaona mambo yale kwa macho yao. Kila musemineri anayerudi likizo achukue kitabu tupu na kalamu, ao telefone yake yenyewe, aende kuketi na mumoja wao, aandike jina, mwaka, mahali na neno kama lilivyosemwa, kwa luga ile ile iliyosemwa. Vitabu hivyo viletwe na kulindwa. Mara nyingine mutu wa filamu akija kutafuta Jadotville, akute watu wenye majina.